Vitufe Pindoni

Jumanne, 2 Julai 2024

Harufu tena! Nimeamka nayo, kabla hata ya kunawa uso. Yai viza kabisa, limejaa jikoni mpaka koridoni. Nimeinama nyuma ya jiko nikanusa mpira, nikanusa mtungi, nikanusa ukuta — mtu angeniona angesema huyu mjane sasa ameshakuwa paka. Koki ya mtungi iko wazi.

Mimi niliifunga jana. Naapa niliifunga! Au sikuifunga? Tangu mwezi wa tano akili hii si yangu. Wiki iliyopita nilitia chumvi kwenye chai, nikainywa yote, ndipo nikajua.

Kufunga koki ilikuwa kazi ya Bwanaheri. Kila tukitaka kulala anaingia jikoni, kri-kri-kri, kisha anarudi: "Bi Warda, tumelala salama." Hili jiko alilinunua yeye, plati nne na oveni chini. Akalifunga yeye, akalipangusa yeye, mtungi ukiisha anaubadili yeye, povu la sabuni la kupimia anapaka yeye. Mimi kupika tu. Nani anajifunza mambo ya koki na mume yupo? Haya, ndiyo hii sasa.

Naandika kwenye dayari aliyopewa kazini bandarini. Hakuandika hata neno. Kurasa nyeupe mpaka siku aliyoanguka, na baada yake nyeupe vilevile. Nami niliyekaa kizuka nifanye nini? Sokoni siendi, harusini siendi, manukato sipaki, mwanamume asiye maharimu wangu hanioni mpaka eda iishe. Nimebaki na kuta, na jiko, na Mama.

Mama ni mama yake, Bi Mgeni. Sisi Mungu hakutujaalia mtoto, basi nyumba nzima ni mimi na yeye na vikohozi vyake. Nimemwuliza kama anasikia harufu. Kasema pua yake ilikufa na ile homa iliyozunguka dunia nzima, sasa hata samaki aoze mapajani mwake hana habari. Kisha akaongeza bila kuulizwa — jiko ambalo moto wake hauonekani si jiko, ni kiini macho.

Macho yake yana ukungu, ndiyo maana moto wa buluu haoni. Lakini nani atamwambia?

Jumatano, 3 Julai

Leo hakuna harufu. Koki imefungwa. Niliikagua kabla ya kulala na nimeikagua nilipoamka.

Baridi. Kusi inapenya kwenye dirisha la jikoni, kioo kimoja kimevunjika tangu masika. Bwanaheri alisema nitaweka Jumamosi. Jumamosi ngapi zimepita! Moto wa jiko unayumba, unalamba pembeni ya sufuria, na mara moja umezimika kabisa nami nimesimama palepale. Nikafunga haraka.

Sina hamu ya kula. Nimempikia Mama kisamvu, mimi nimelamba mwiko.

Alhamisi, 4 Julai

Asubuhi harufu! Kali kuliko juzi. Koki wazi, na kitufe cha plati ya nyuma nacho hakikurudi mpaka mwisho. Hilo nalo nimelifanya mimi? Nikafunga kila kitu, nikafungua mlango wa uani na madirisha yote, nikakaa uani kwenye baridi na shuka langu jeupe, nalia. Si kwa ajili ya gesi. Au kwa ajili ya gesi, sijui. Mtu anayeacha mtungi wazi usiku kucha na hakumbuki, anafaa kuishi na mama mzee?

Jioni likazuka jingine. Usiku wa kuamkia Ijumaa Mama humfukizia marehemu ubani, nyumba nzima, chumba kwa chumba. Nikamwona koridoni na chetezo, makaa mekundu, midomo inasoma, anaelekea jikoni. Nilichofanya sijui nilikifanyaje. Nimemrukia, nimempokonya chetezo, nimekimbia nacho hadi uani. Makaa mawili yamenidondokea mguuni, nimeungua. Mama kabaki kasimama mikono mitupu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Kaniuliza kwa sauti ndogo — leo mwanangu ananyimwa ubani na mkewe?

Nikamweleza gesi. Kasema gesi gani, madirisha yamekaa wazi tangu asubuhi, wewe mwenyewe adhuhuri ulisema imekwisha toka. Kweli. Nilisema. Basi tunalala bila ubani na bila maneno. Mguu unawaka.

Ijumaa, 5 Julai

Sijarukwa na akili! Alhamdulillahi!

Mwalimu Jesca, jirani yetu wa nyumba ya pili, mtu wa Iringa, alipita kabla ya kwenda shule kuniletea mihogo. Kafika mlango wa uani kaziba pua. "Dada Warda, gesi! Usiguse swichi ya taa!" Mkono wangu ulikuwa umeshafika ukutani. Nikaurudisha nyuma kama ukuta una moto. Akaingia, akafunga koki — wazi tena! — akafungua milango, akachukua ungo wangu wa mchele akaanza kupepea sakafuni. Anasema gesi ya mtungi ni nzito, haipandi juu kama moshi, inalala chini, lazima uifukuze hukohuko chini. Tumepepea wawili mpaka mikono ikafa ganzi. Mama kakaa mlangoni mwa chumba chake na tasbihi, anawatazama wendawazimu wawili wanaofagia upepo.

Jesca anasema leo hii aitwe fundi. Mama: mwanamume gani aingie humu ndani na kuna mwenye eda? Jesca: lakini bibi, hii ni dharura, nadhani hata masheikh wenu watasema. Mama: masheikh hawakai mtaa huu, wanaokaa mtaa huu ni watu wenye midomo.

Mwisho wamepatana. Fundi atakuja kesho, lakini ndani haingii. Atengeneze jiko bila kuliona. Hiyo inawezekanaje, mimi sijui.

Lakini nimefurahi. Mtu mwingine ameinusa. Siyo kichwa changu.

Jumamosi, 6 Julai

Imewezekana. Na nimecheka — mara ya kwanza tangu msiba, na nimeona haya kucheka.

Fundi anaitwa Kasiani. Sikumwona, nimesikia sauti tu, nzito, ya mtu wa makamo. Alisimama nje ya dirisha la jikoni. Mama akatundika kanga dirishani, yeye mwenyewe akakaa katikati yetu juu ya kibao cha mbuzi, kama hakimu. Kwanza kamhoji. Wewe mtoto wa wapi? Wa Nanyamba, bibi. Nanyamba nawajua kwa korosho, gesi mmejifunzia wapi? Kasiani akacheka, kasema korosho ina msimu, bibi, tumbo halina.

Kazi ikaanza. "Mwambie mama afunge koki ya mtungi." Mama ananigeukia: "Anasema funga koki." Nimesikia, Mama! Kanga haizibi masikio! "Usimjibu yeye. Nijibu mimi." Basi ikawa hivyohivyo. Neno linatoka dirishani, linapitia kwa Mama, linanifikia limeshapoa. Mengine yanapotea njiani. Fundi kasema koroga sabuni na maji kidogo uwe na povu, upake kwenye maungio. Mama kaniambia lioshe jiko lote kwa sabuni. Nusura niiogeshe oveni!

Nimepaka povu pale mpira unapoingia kwenye kichwa cha mtungi, halafu pale unapoingia nyuma ya jiko. Fungua koki, usiwashe moto, tazama. Mwanzo kimya. Kisha nyuma, karibu na kibano, likaanza. Kipovu kimoja kidogo kinavimba, kinavimba, kinapasuka, kinakuja kingine. Nikasahau amri zote nikapiga ukelele, "Linavimba, fundi!" Mama kanifinya paja.

Mpira umechanika nyuzinyuzi. Kasiani kauliza umeandikwa mwaka gani, nikausoma. Kasema huo wa kutupwa zamani, mpira wa gesi una umri wake kama maziwa. Bwanaheri wangu, na povu lake lote na kri-kri yake, kumbe naye alisahau. Imeniuma, na imenifariji kidogo.

Mpira mpya ameupitisha chini ya kanga kwenye ncha ya fimbo ya ufagio, ili mikono isikutane. Nimeufunga mwenyewe! Vibano viwili, nimekaza kwa bisibisi mpaka kiganja kimechubuka. Tukapaka povu tena. Limetulia tuli. Nikahisi nimejenga nyumba.

Kisha Kasiani akatoa maagizo na Mama akayarudia moja moja kama mwalimu wa chuoni. Kiberiti kwanza, gesi baadaye. Uji usichemke ukamwagikia moto. Moto ukigeuka wa njano, matundu yameziba, zibua kwa sindano. Na hiki kioo kilichovunjika mbele ya jiko kizibwe, maana upepo ukizima moto gesi haina habari, yenyewe inaendelea kutoka. Hili la mwisho Mama hakulirudia. Nilimngoja, nikaona anakung'uta nazi kwenye kibao.

Harufu imekwisha. Tumelala salama, Bwanaheri.

Jumapili, 7 Julai

Hakuna harufu. Nimewasha oveni! Mkate wa kumimina, tui zito, hiliki ya kutosha. Umeumuka vizuri, juu mwekundu. Jesca kapitia akitoka kanisani, kala vipande vitatu amesimama. Kaniletea na boksi la kuziba dirisha, lakini tukasahau, likabaki nyuma ya mlango.

Alasiri kaja Shafii, mdogo wake Bwanaheri, kutoka Msimbati. Kakaa barazani, mimi nyuma ya pazia. Ana sauti ya kaka yake. Kila akisema "Shemeji" nafunga macho.

Habari za gesi zimemfikia. Mtaa wetu huu wa Ufukoni hauna siri, hata kuku wanajua. Hakugomba. Shafii hagombi, na hilo ndilo baya lake, ungetaka agombe upate kumchukia. Kasema Mama ni mmoja. Kaka ameondoka, sitaki Mama naye aondoke kwa ajili ya jiko. Shemeji nakuheshimu, lakini harufu hii ikitoka tena mara moja tu, namchukua nikakae naye kwangu. Wewe tutakuletea shangazi yako wa Mikindani akukalie mpaka umalize eda.

Msimbati! Gesi asilia inachimbwa hukohuko kwao, na mkewe Shafii mpaka leo anapuliza kuni. Lakini sikusema. Nimesema ndiyo, Shemeji, nimekuelewa.

Gari la Shafii lilipoishia, Mama kasema, "Mwanangu mmoja amelala hapa makaburini. Mimi Msimbati nikamfukizie nani?" Halafu akaomba kipande kingine cha mkate. Nikajua ya Alhamisi amenisamehe.

Na mimi je? Shangazi wa Mikindani ni mtu mwema, atanisomea, atanipikia. Lakini shangazi hajui Bwanaheri alivyokuwa akipiga chafya saba mfululizo. Mama anajua. Tukikaa kimya mimi na Mama, tunamnyamazia mtu mmoja. Sitaki aende. Haya, nimeandika.

Jumatatu, 8 Julai

Harufu.

Mpira mpya! Vibano vipya! Koki wazi.

Jana kabla ya kulala nilizungushia koki uzi mweupe, mafundo mawili, nipate kujithibitishia mwenyewe. Leo uzi umekatika, uko sakafuni. Sikuukata mimi.

Jini? Jini ana haja gani ya kukata uzi? Nyumba hii ina watu wawili.

Nimepepea kwa ungo peke yangu. Jesca alisimama kwenye uzio, kanusa, kanitazama. Nikamwambia mpira mpya una harufu yake. Sikumtazama machoni. Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 9 Julai

Sikulala. Nilijilaza tu, mlango wa chumba nimeuacha wazi. Kabla ya adhana ya alfajiri nikasikia ndala. Polepole, zinakokotwa. Kisha sufuria. Kisha kri-kri-kri. Yarabi! Nilidhani ni yeye. Kwa kupepesa jicho tu, nilidhani Bwanaheri yuko jikoni. Nikaketi kitandani nikitabasamu gizani. Halafu moyo ukarudi mahali pake.

Nikasikia njiti inawashwa. Nikangoja. Nilingoja nini? Niliona aibu kumfumania mtu mzima. Kimya kikawa kirefu. Upepo unavuma dirishani, boksi la Jesca bado liko nyuma ya mlango. Kisha ikanifikia koridoni ile harufu, nikakimbia.

Mama kasimama mbele ya jiko, sufuria ya maji iko juu, moto umezimika zamani, gesi inatoka ssss, naye hasikii, haoni, hanusi. Mkono mmoja kautia ndani ya maji anapima. Mwingine umeshika kiberiti. Anautoa ule wa majini, anachomoa njiti ya pili!

Nimemkamata. Njiti zimemwagika sakafuni. Nilimshika kwa nguvu, mkono wake mfupa mtupu, akasema "Aa!" kama mtoto. Nikafunga plati, nikafunga koki, nikamkokota hadi uani. Tukaanguka kwenye mchanga wa baridi, mimi na yeye, ndipo adhana ikaanza.

Nilikuwa na maneno na nimeyasema. Mama, ungetuua! Mama, siku zote hizi unaniona nalia, najiita mwehu, na wewe unatazama tu! Mama, hata fundi nimefungiwa kanga nisimwone, kumbe fundi wa kuvunja tunaye ndani! Nimesema mabaya. Akangoja nimalize.

Kisha akanionyesha vidole. Vimejikunja, havikunjuki. Kasema, Bwanaheri alikuwa ananipashia maji ya kutawadha. Kila alfajiri. Anafungua mtungi wake, anayapasha, ananiletea kwenye birika mpaka kitandani. Tangu afe natawadhia ya baridi, nimevumilia. Ilipoanza kusi nimeshindwa, vidole vimekuwa vijiti. Nilikuwa namwona anavyofanya. Nikasema nami nitaweza.

Kitufe anakirudisha nusu, nguvu za kukikaza hana. Koki anaisahau kabisa. Zile siku zisizo na harufu alivumilia maji ya baridi.

"Kwa nini hukuniamsha, Mama?"

"Umekaa eda ya mwanangu. Nikuamshe nikutume?"

Miaka yote ile nilimsikia mume wangu akiamka, nikadhani anakwenda kuswali tu. Nageukia ukutani nalala. Hakuniambia habari za maji. Mama naye hakuniambia. Wana siri zao, mtu na mama yake.

Tulipokuwa tunaingia ndani akanishika kanga. "Usimwambie Shafii." Nikamwambia simwambii.

Jumatano, 10 Julai

Jana usiku nimevichomoa vitufe vya jiko, vile vya kuzungushia moto, vyote vitano pamoja na cha oveni. Vinatoka kirahisi, unavuta tu. Nimevifunga pindoni mwa kanga. Boksi nimelibandika dirishani. Alfajiri nimeamka kabla yake, nimepasha maji, nimempelekea kwenye birika. Kapokea bila kunitazama.

Kila nikitembea vinagongana, kwa-kwa-kwa. Mama anasikia. Nimekuwa mlinzi wa jela. Mwanamke aliyepikia watu harusi nzima nzima, leo nimemfungia jiko kama mtoto. Lakini nifanyeje? Nifanyeje?

Mchana simu ikalia. Shafii. Nani kamwambia? Jesca! Alikuja baadaye kuniungamia huku analia. Alinusa Jumatatu, akaogopa, na namba ya Shafii anayo tangu mazishi. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Shafii kauliza, harufu imerudi? Imerudi. Mpira si mpya? Mpya. Fundi si alipima? Alipima. "Basi, Shemeji, nani aliacha wazi?"

Mama alikuwa kando yangu anachambua mchele. Simu yangu spika imeharibika, inapiga kelele mpaka barabarani, kila neno amelisikia. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

Nikasema, mimi.

Nilidhani nimemwokoa. Kumbe nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe! Shafii kwa upole wake uleule kasema basi, Shemeji, siwezi kumwacha Mama na mtu ambaye hajui anafanya nini. Sikulaumu, ni msiba. Lakini kesho nakuja kumchukua.

Nikisema ukweli anachukuliwa kwa sababu ni yeye. Nikisema uongo anachukuliwa kwa sababu ni mimi. Labda ningesema jini, tungebaki wote wawili.

Na Mama hakusema kitu! Mkono ukarudi kwenye mchele. Nimemngoja mpaka magharibi aseme hata ahsante, hata pole. Hakusema. Kaniita tu nimshikie taa atafute kanga yake ya kijani. Nimekasirika. Nimekasirika na mama wa mume wangu, Mungu anisamehe. Kesho mtaa mzima utajua kwamba Warda kaua mume kwa mawazo na sasa alitaka kuua na mkwe kwa gesi. Nawajua. Hawatasema mbele yangu, watasema uchochoroni, na upepo utaniletea.

Naisikia sauti yake anakohoa ng'ambo ya ukuta. Kesho usiku sitaisikia.

Alhamisi, 11 Julai

Alfajiri Mama ndiye aliyekuja kwangu. Kanigusa mguu. "Amka uniwashie." Mara ya kwanza kunituma tangu msiba! Nimeinuka bado nimemkasirikia.

Kumbe hataki niwashe. Anataka nimfundishe. Nikarudishia kitufe kimoja, cha plati ya mbele. Nikafungua koki. Kiberiti kwanza, Mama. Njiti tatu zimemvunjikia, ya nne ikashika, nikazungusha kitufe huku nimeushika mkono wake, puu, moto. Hauoni. Basi nikauchukua mkono wake nikaupitisha juu, mbali kidogo na plati. Hapa, Mama. Joto likikupiga kiganjani, umewaka. Lisipokupiga, funga, usiwashe tena, toka nje, uniite.

"Kwa hiyo anaonekana kwa mkono," kasema, kana kwamba moto ni mtu. Akaurudisha mkono palepale akauacha muda mrefu, vidole vinajikunjua kimoja kimoja. Hasira yangu ikaisha, sijui ilikwendea wapi.

Nikamwuliza, Mama, Msimbati wanapika kwa kuni, haya unajifunza ya nini?

Kasema, "Funga koki."

Nikafunga. Nikachomoa kitufe, nikakifunga pindoni pamoja na wenzake. Katawadha, kaswali, kakaa sana kwenye mkeka. Kisha akakunja nguo zake, akazitia mfukoni. Mfuko mmoja tu. Chetezo nimemletea, akakirudisha juu ya kabati. Kasema leo Alhamisi, utamfukizia wewe. Washa makaa yako uani, nusa kwanza jikoni, ukiona salama ndipo uingie ndani. Kaniagiza hivyo yeye, asiye na pua! Nimeshindwa kucheka, nimeshindwa kulia. Nikasema ndiyo, Mama.

Gari limesimama. Hodi. Shafii kaitikiwa, kakaribishwa barazani, anasalimia. Mimi nyuma ya pazia kama kawaida. Mama kanyanyuka, nikajua anaendea mfuko wake. Hakuuendea. Kanijia mimi, kashika pindo la kanga yangu. Fundo nililikaza sana. Vidole vimeshindwa, kalifungua kwa meno.

Nikamnong'oneza, Mama, usiseme. Nimeshasema ni mimi, yamekwisha.

"Mimi naondoka," kasema. "Wewe ndiye unayebaki na watu wa mtaa huu. Wasikubebeshe kosa langu."

Vitufe vyote vitano kavimiminia kiganjani, kajitengeneza mtandio, katoka. Nimekaa chini nyuma ya pazia, dayari juu ya goti, naandika ili mikono ipate kazi. Nje Shafii anasema, twende, Mama, kabla jua halijawa kali.

"Kaa, Shafii," namsikia. "Kaa kwanza."

Vinagonga meza. Kimoja kimebiringika, kimeanguka sakafuni, kuna mtu anakiokota.

"Hivi ni nini, Mama?"